Gari Limetoka Gereji Likawa Geni: Jinsi ya Kutafuta Kosa Baada ya Kubadilisha Breki na Matairi

Gari lilikuwa zima. Ukalipeleka likabadilishwe pedi za breki na matairi, kazi ya kawaida kabisa, ukalipa ukaondoka. Kabla hujafika mbali unaona mkono wako haulitambui tena: linavuta upande, usukani unatetemeka, au ukikanyaga breki pua inaelekea usikotaka. Mimi yalinikuta kwenye barabara ya Tororo kwenda Kampala, nikiwa na abiria wanne ndani, na hofu ya siku ile sijaisahau.

Nilikuwa nimenunua rimu za aluminiamu za Toyota zikiwa na matairi yake, mitumba kutoka Japani. Gereji moja ikanifungia, na hapohapo ikaniwekea pedi mpya za mbele. Nilipopita Bugiri usukani ukaanza kutetemeka kila nikifika kilomita 70 kwa saa. Iganga fundi akaniambia shokapu zimekwisha. Jinja mwingine akasema ni tairodi, zile fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu. Nikanunua tairodi mbili, zikafungwa, nikalipia na alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu. Mtetemeko ukabaki palepale. Niliporudi Tororo nikampelekea mzee mmoja Mnubi ambaye ameshika spana tangu ujana wake. Hakuliwasha gari. Alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akashika nati kwa vidole viwili, akaizungusha. Ikazunguka.

“Mwanangu,” akaniuliza, “gari lako liliugua siku gani?”

“Siku ile niliyobadilisha matairi, mzee.”

“Na siku hiyo tairodi ziliguswa?”

Hazikuguswa. Hapo ndipo nilipojifunza ninachotaka kukuambia: ugonjwa uliozaliwa siku ya sevisi utafute kwanza kwenye vitu vilivyoshikwa siku ya sevisi. Usinunue spea yoyote kabla ya kuvimaliza vyote. Na mara nyingi dawa yake haiuzwi Kisekka wala Ndeeba, kunakouzwa spea Kampala. Ni kukaza, kusafisha au kupunguza upepo.

Kwa hiyo kabla ya kushika chochote, kaa uandike. Gurudumu gani lilitolewa? Pedi za mbele tu, au na za nyuma? Mafuta ya breki yaliongezwa? Jeki iliwekwa wapi? Kama hukuwepo, mpigie fundi simu umuulize kwa upole, akiwa bado anakumbuka. Andika pia tatizo linatokea lini: ukiwa kwenye mwendo tu, ukikanyaga breki tu, au nyakati zote. Maelezo hayo yatakuokolea pesa nyingi kuliko kifaa chochote.

Hatua ya kwanza: nati za magurudumu

Anzia hapa hata kama una hakika tatizo ni lingine, kwa sababu nati iliyolegea inaweza kukutoa gurudumu. Egesha pahali tambarare, vuta handibreki, gari likiwa chini kwa uzito wake. Pitisha spana kwenye kila nati ya kila gurudumu, na la akiba likiwa limefungwa usilisahau.

Toyota nyingi ndogo tunazoendesha hapa hukazwa kwa nguvu ya nyutoni-mita 103. Spana ya kipimo ikiwepo, vizuri sana. Ikiwa huna, hesabu hivi: spana yenye mkono wa sentimita 30, ukiusukuma mwishoni kwa nguvu ya karibu kilo 35, inakuletea kipimo hichohicho. Maana yake mtu mzima hahitaji kuirukia spana wala kuivalisha bomba ili kuirefusha. Kukaza kupita kiasi kunavuta bolti za habu (kitovu kinachobeba gurudumu) na kunaweza kuipinda diski ya breki, nawe ukakuta mtetemeko mwingine ambao hukuwa nao. Bunduki ya upepo iliyoachiwa ikaze inavyotaka ina madhara hayohayo.

Kaza kwa nyota, yaani ukimaliza nati moja unaruka kwenda ya upande wa pili, huzunguki kama saa. Ukizifuata kwa mduara, gurudumu linaweza kukaa kombo dhidi ya habu, na ukombo usioonekana kwa jicho unausikia mkononi ukifika kilomita 80.

Sasa fungua nati moja uitazame. Hili ndilo lililoniumiza mimi. Rimu za chuma hutumia nati yenye ncha ya koni, inayoingia kwenye tundu lililochongwa mteremko. Rimu nyingi za aluminiamu zilizotoka na Toyota zenyewe hutumia nati nyingine: ina shingo ndefu inayozama ndani ya tundu, na washa bapa inayokalia uso wa rimu. Waliponifungia rimu mpya walitumia nati zangu za zamani, zile za koni. Koni haikuwa na pa kukaa. Ilishika ukingo wa tundu tu, na kwa kila kilomita ukingo ule wa aluminiamu ukawa unalika na nati inalegea. Mzee alinionyesha: kwenye kila tundu palikuwa na duara jembamba linalong'aa, limekwaruzwa kama bakuli lililosuguliwa kwa mchanga. Jinja walizifungua na kuzifunga tena bila kuliona. Ukiona duara hilo kwenye rimu zako, usiendelee na safari. Tafuta nati zinazolingana na rimu, na tundu likiwa limeshalika sana rimu hiyo iache.

Hatua ya pili: upepo, na tairi lenyewe

Fundi wa pancha akishapachika tairi jipya hulijaza upepo mwingi ili likae vizuri kwenye rimu. Kosa ni pale anaposahau kuupunguza. Tairi lenye PSI 45 (PSI ni kipimo cha upepo) kwenye gari linalotaka 32 linagusa lami kwa ukanda mwembamba wa katikati; gari linarukaruka kwenye viraka, linayumba, na breki zinakuwa hafifu hasa mvua ikinyesha. Tofauti kati ya kushoto na kulia ni mbaya zaidi: gari huvuta kuelekea kwenye tairi lenye upepo mdogo.

Kipimo sahihi hakiko kwenye ubavu wa tairi. Namba ile ya ubavuni ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi linaweza kubeba. Fungua mlango wa dereva utazame nguzo: pana stika. Magari yetu yaliyotoka Japani yana stika ya Kijapani, na wengi huiacha kwa kuwa hawasomi maandishi yale, lakini namba ni namba. Imeandikwa kwa kPa. 220 ni PSI 32, 230 ni kama 33, 240 ni kama 35. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa geji yako mwenyewe ukiweza, kwa sababu geji za barabarani hazikubaliani.

Halafu chuchumaa usome matairi, moja baada ya jingine. Saizi ziwe sawa, kwa mfano 195/65R15, kushoto na kulia. Tairi lenye mshale wa mzunguko, mshale uelekee mbele. Tairi lililoandikwa OUTSIDE, maandishi hayo yawe nje unayaona. Namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka kumi linaweza kuwa na meno marefu mazuri na mpira mgumu kama kwato.

Kuna neno moja ambalo kila mnunuzi wa mitumba hapa Uganda anapaswa kulijua: STUDLESS. Ukilikuta ubavuni, hilo ni tairi la theluji. Mpira wake ni laini makusudi ili ubaki mwororo kwenye barafu, na meno yake yamechanjwa chanjwa vijistari vingi vyembamba. Juani, kwenye lami ya Tororo saa nane mchana, meno hayo yanajikunja. Gari linaelea kama unaendesha juu ya godoro, na kila ukikata kona linachelewa kukuitikia. Hakuna alaimenti itakayoliponya. Matairi yenyewe ndiyo kosa.

Mwenye RAV4 au Harrier ya kuvuta magurudumu yote manne awe makini zaidi. Matairi mawili mapya mbele na mawili yaliyolika nyuma hayana mzingo sawa, na mtambo unaogawa nguvu unalazimika kufanya kazi bila kupumzika. Utausikia unakaza ukigeuza kona fupi ya maegesho.

Tairi jipya kabisa dukani lina utelezi wa kiwandani juu yake. Liendeshe taratibu kilomita 200 za mwanzo kabla hujalihukumu.

Hatua ya tatu: pedali, gari likiwa limesimama

Ili kuweka pedi mpya fundi huzirudisha pistoni ndani ya kalipa, ile koleo inayozibana pedi kwenye diski. Kabla gari halijasogea, pedali lazima ikanyagwe mara kadhaa hadi pistoni zikutane na pedi. Asipofanya hivyo, mguu wako wa kwanza unazama mpaka chini. Fanya mwenyewe kila mara unapotoka gereji, kabla ya kutia gia.

Kanyaga kwa nguvu ya kawaida, washa injini mguu ukiwa palepale, ushikilie kwa sekunde 30. Pedali iliyo nzima inashuka kidogo injini inapowaka, kisha inasimama. Ikiwa ni laini kama sifongo na inapanda ukiipampu, kuna hewa kwenye mabomba. Ikiwa inazama polepole bila kusimama, mafuta yanavuja mahali, ndani au nje. Angalia chini ya gari na nyuma ya kila gurudumu kama pana unyevu. Katika hali zote mbili gari lisitoke hapo. Mwite fundi aje, hata kama ni usiku, hata kama mzigo unasubiriwa.

Funua kopo la mafuta ya breki. Kiwango kiwe kati ya mistari miwili. Rangi iwe ya dhahabu au kahawia nyepesi, isiwe kama chai ya rangi. DOT 3 na DOT 4 zinaweza kuchanganyika. DOT 5 ya silikoni haichanganyiki nazo. Mafuta ya injini au ya stelingi yakiingia humo, hata kidogo tu, mipira ya ndani huvimba na breki kuanza kujifunga zenyewe. Ukishuku hilo, usijaribu hata kuzunguka mtaa.

Hatua ya nne: barabarani

Ukishapita hapo, nenda ukajaribu. Chagua kipande kilichonyooka chenye magari machache, asubuhi mapema, uende na mtu wa kukutazamia nyuma. Mimi hutumia barabara ya Mbale. Zima redio.

Jambo moja lifahamu kabla ya kulilaumu gari: barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni, nasi tunaendesha kushoto. Gari lililo sawa kabisa, ukilegeza mikono, litateleza kidogo kidogo kuelekea kushoto. Hilo si ugonjwa. Lakini likivuta kulia, likipanda mwinuko wa barabara, hilo ni kosa bila ubishi.

Nenda 40, kisha 60, kisha 80, bila breki, ukisikiliza. Mtetemeko unaokuja kwenye 80 na kupungua ukipita 100 karibu siku zote ni balansi: risasi (kile kipande kidogo cha uzito) imedondoka kwenye rimu, au gurudumu halikupimwa kabisa, au tope la murramu limegandia ndani ya rimu. Toa tope kwanza. Nimeona watu wakilipia balansi ya tope. Ukiusikia kwenye usukani, tatizo liko mbele. Ukiusikia kwenye kiti na sakafuni, liko nyuma.

Kisha breki. Kanyaga taratibu kutoka 60, mikono ikiwa imeugusa tu usukani, halafu mara ya pili kwa nguvu zaidi. Andika gari lilielekea wapi.

Linavuta bila breki

Upepo ukiwa sawa na bado linavuta, hamisha matairi ya mbele: la kushoto liende kulia, la kulia lije kushoto, ila kama yana mshale wa mzunguko. Jaribu tena barabara ileile. Likianza kuvuta upande wa pili, kosa ni tairi, tabaka zake za ndani hazikukaa sawa. Lisipobadilika, tairi halina hatia. Kazi hiyo ni dakika 20 na jeki moja.

Halafu pima joto. Endesha kilomita kumi hivi ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama, upeleke kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Mbele na nyuma kutofautiana ni kawaida. Kushoto na kulia kutofautiana si kawaida. Rimu inayowaka kuliko mwenzake ina breki iliyoshika, na gari litavuta kuelekea upande huohuo. Harufu ya pedi iliyoungua utaijua, inakaa kooni.

Breki iliyoshika nayo ina njia yake ya kuulizwa. Inua gurudumu hilo, weka stendi imara (gari lililobebwa na jeki peke yake usiingie chini yake hata dakika moja), kanyaga breki, achia, jaribu kulizungusha. Likikataa, fundi afungue kidogo ile nati ndogo ya kutolea hewa kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa, umeziba ndani: unapitisha nguvu kwenda lakini haurudishi. Gurudumu likibaki limeshikwa, kalipa au pini zake ndizo zimekwama. Mpira wa breki huharibika hivyo fundi anapoiacha kalipa ining'inie kwa mpira wake badala ya kuifunga kwa waya. Mara nyingine huurudisha ukiwa umejikunja. Utazame, mstari ulioandikwa juu yake unapaswa kunyooka, usizunguke kama kamba.

Linavuta ukikanyaga breki

Hapa watu wengi hutazama upande usio sahihi. Gari huvutwa kuelekea kwenye breki inayofanya kazi. Likivuta kulia, mara nyingi mgonjwa yuko kushoto: breki ya kushoto imelala. Pini za kalipa zilirudishwa kavu bila grisi na zimekwama, au grisi imegusa uso wa pedi, au kuna hewa upande huo. Fungua pande zote mbili uzilinganishe. Pedi ya ndani na ya nje ziwe zinalika sawa. Pedi iliyoingiwa na grisi au mafuta haisuguliwi kwa msasa ikapona. Nunua seti mpya, uibadilishe kushoto na kulia pamoja.

Kabla ya yote hayo, jiulize kama pedi zimeshazoeshwa. Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Punguza mwendo kutoka 50 hadi 10 mara 20 au 30, bila kusimama kabisa, ukiacha nusu dakika katikati zipoe. Mvutano mdogo wa siku ya kwanza unaweza kuishia hapo.

Unatetemeka ukikanyaga breki tu

Hiyo ni diski. Lakini usikubali haraka kwamba diski “imepinda” na inunuliwe nyingine. Mwambie fundi aitoe, akuonyeshe uso wa habu. Mara nyingi utakuta kutu imevimba kama magamba, au chembe ya mchanga imebanwa katikati. Chembe hiyo ndogo inaiinamisha diski kwa kiasi kinachozidi kinachoruhusiwa, ambacho ni takriban milimita 0.05, unene wa unywele. Kwanza husikii kitu. Baada ya maelfu kadhaa ya kilomita, pedi zinakuwa zimelila eneo moja zaidi ya jingine, na hapo usukani unaanza kupiga. Brashi ya waya na kitambaa safi, dakika tano kwa kila gurudumu, na uso wa rimu unaokutana na diski usafishwe hivyohivyo. Diski ikiwa imekwisha kweli, unene wa chini unaoruhusiwa umechongwa juu yake yenyewe, MIN ikifuatiwa na namba ya milimita. Pima kwa kalipa ya kupimia, mbele ya macho yako.

Kwa upande wa nyuma penye dramu (breki zenye shuu ndani badala ya diski na pedi), makosa ni machache: shuu zimebadilishana mahali, au waya wa handibreki umekazwa mno na magurudumu hayazunguki huru. Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu) ikiwaka siku hiyohiyo, tafuta waya mwembamba wa sensa nyuma ya gurudumu lililofunguliwa, huvutwa ukachomoka.

Alaimenti iwe ya mwisho

Kubadilisha tairi peke yake hakugusi alaimenti. Tairi jipya hufichua tu ile iliyokuwa mbovu, kwa sababu la zamani lilikuwa limeshalika kwa kuifuata. Ukienda kwenye mashine kabla ya upepo, nati na breki kuwa sawa, mashine itapima uongo na utalipa tena. Ukienda, omba vipimo vya kabla na vya baada, uvihifadhi. Kama usukani ulikuwa umenyooka kabla ya alaimenti na baadaye umepinda huku gari likienda moja kwa moja, tairodi zilirekebishwa upande mmoja tu. Rudi hapohapo, ni kazi yao kuimaliza.

Na ukirudi gereji, nenda na karatasi yako. “Bwana fundi, linavuta kulia nikikanyaga breki kutoka 60, upepo nimepima ni 32 pande zote, nati nimekaza” ni maneno ambayo fundi anaweza kuyafanyia kazi. “Mmeniharibia gari” yatawaletea ugomvi, na gari litakuwa bado linavuta.

Siku hizi gurudumu likishafunguliwa, nati zake nazikaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Nikitoka Tororo hapo huwa ni baina ya Bugiri na Iganga. Nawaomba abiria radhi, nashuka na spana, nazunguka magurudumu manne, nati tano tano, kwa nyota.